Jina Langu Juu ya Kazi ya Wengine

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka, hata leo masikio huniwaka. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kompyuta moja kuukuu katika kiduka changu pale Makutano, na kichwa kikubwa kuliko duka lenyewe.

Mwalimu Kanana, aliyenifundisha hesabu, alinipa disketi yenye programu ya kupanga ratiba ya shule. "Nakili, badilisha, gawa, hata uza," aliniambia. "Ila majina ya walioitengeneza yabaki. Na unayempa, mpe pia maandishi ya ndani, yale maagizo yanayoiendesha, naye aweze kuirekebisha. Masharti yako humo humo, soma."

Nikaitikia kwa kichwa. Kusoma, sikusoma.

Kazi yangu yote ilikuwa kugeuza siku za wiki kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Kwa jasho hilo nikafuta majina ya wenyewe, nikaweka langu kwa herufi kubwa, nikaficha yale maandishi ya ndani, kisha nikaipelekea shule moja ya Kibugu. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani, nikasafiri kifua mbele!

Muhula uliofuata shule ikaongeza darasa, programu ikagoma. Nikaitwa. Kuingia chumba cha walimu, nikamkuta Mwalimu Kanana. Kumbe amehamishiwa huko.

"Mutwiri, fundi wetu," mwalimu mkuu akasema, "tengeneza hii kitu haraka, watoto wako nje hawajui waingie wapi."

Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Wapi!

"Kwani si wewe uliiunda?" mwalimu mkuu akauliza.

Mwalimu Kanana alisoma jina langu kwenye kioo cha kompyuta, polepole. "Mutwiri, ukipewa mche wa ndizi, huwa unawaambia majirani umeumba ndizi?"

Walimu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hilo ningekusamehe. Lakini hawa umewafungia mlango. Hayo maandishi yangekuwa hapa, ningeshairekebisha mimi mwenyewe."

Nikakiri mbele ya wote, sauti kama ya kuku aliyenyeshewa. Kesho yake nikarudi na disketi kamili. Mwalimu Kanana akaitengeneza kabla ya chai ya saa nne, akarudisha majina yote, na chini kabisa akanifanya niandike: Mutwiri, alitafsiri siku za wiki.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi huru kama ile programu, soma masharti yake kwanza. Ukiigawa, igawe na majina ya wenyewe. Ukiibadilisha, sema ulichobadilisha, na umwachie anayekufuata ruhusa ile ile uliyoachiwa wewe. Mungu akubariki mikono, na akujalie uso usiolazimika kutazama sakafu.