Nafasi ya Elia kwenye migomba

Asubuhi moja mimi na mdogo wangu Elia tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe mteremkoni juu ya nyumba yetu, upande wa Meru ambako ukungu huchelewa kuondoka. Elia alisema nakata kama mtu anayemnyoa mzee aliyesinzia. Tukacheka, tukajitwisha mizigo, tukateremka. Nikiikumbuka siku hiyo sasa, ni kama iko ndani ya maji. Naiona yote, lakini siwezi kuigusa.

Miezi michache baadaye sote wawili tulikuwa vitani Kagera.

Kombora la mzinga lilianguka karibu na barabara. Elia alikuwa amesimama, kisha alikuwa amelala.

Mimi na wenzangu tulimfunga kwa turubai, tukamfukia palepale. Tukaanza Baba Yetu. Kabla hatujafika Amina, mizinga ikaanza tena.

Tukakimbia.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, kwenye migomba. Kwaresima ikielekea mwisho tunapalilia makaburi na kuweka maua, ili Pasaka iyakute safi. Karibu na kaburi la baba, mama aliacha nafasi wazi, akakataza kupanda mgomba hapo. Wajukuu zangu wanapaita kwa babu Elia.

Miaka mingi baada ya vita kwisha, mama aliniomba nirudi kule nimletee hata udongo wa pale alipolala Elia. Nilikwenda. Nikakuta nyumba, mahindi, barabara imepanuliwa. Sikupatambua. Ningeweza kuchota udongo popote. Nilirudi mikono mitupu, nikamweleza. Habari hiyo hatukuigusa tena.

Juzi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, nilikuwa napalilia, mama amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi lake. Ukungu uliingia migombani taratibu, na kwa kitambo sikujua kama nipo nyumbani au kule. Nilikuwa naomba kimya kimya, kama kila Kwaresima, nikimuuliza Mungu kama aliipokea ile sala tuliyoikatiza.

"Baba Neema," mama akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Ungeniletea udongo wowote, ningeupokea."

"Najua, mama."

"Nilikukasirikia sana. Lakini hukunidanganya, ndiyo sababu nakuamini ukisema mlimwombea."

Akaniambia niendelee mpaka pale palipo wazi. Nilipofika nikamuuliza kama tuweke maua mwaka huu.

"Hapana. Hapo mtanilaza mimi. Elia nimemwachia Mungu kulekule aliko."

Nilipalilia pale, naye akanitazama mpaka nikamaliza.

Kesho, Jumapili ya Pasaka, tutaimba kwamba kaburi ni tupu, kwamba Bwana amefufuka, na mimi ninaamini. Lakini Alhamisi ile nilielewa kwamba mdogo wangu harudi nyumbani, na kwamba mahali pake nitamzika mama yangu.