Magadi katika Tangi la Irmtraud

Irmtraud Sobotta hakuvua koti. Aliliacha sanduku la safari mlangoni, akasimama mbele ya tangi lake la kioo na kulitazama tumbawe ambalo wiki tatu kabla alikuwa ameliaga likiwa la zambarau, pana kama beseni la kunawia. Ncha zake zote zilikuwa nyeupe kama chaki. Chini, kwenye shina, ngozi ilikuwa inachunika na kuelea majini, na samaki wawili wa manjano walikuwa wanaidonoa.

"Karibu nyumbani, Traudel!" alisema Heribert Wrobel nyuma yake. Alikuwa ameshika keki ya plamu kwa mikono miwili. "Umenawiri! Nyonga imepona?"

"Umefanya nini?"

"Nimekurekebishia maji. Alkali yako ilikuwa chini mno, dada. Nimeipandisha. Hiyo ni kuzoea tu, itatulia."

Nuray Aksoy, katibu wa chama chao cha wafugaji wa matumbawe mjini Herne, alikuwa amekuja pamoja na Heribert kumpokea. Alitazama tangi, kisha akatazama sakafu.

Irmtraud alizaliwa mwaka 1957, mtaa wa Wanne, binti wa mchimba makaa ya mawe. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika maabara ya maji, na kazi yake ilikuwa moja: kudondosha tindikali ndani ya maji, tone baada ya tone, mpaka rangi ibadilike, kisha kusoma kipimo na kukiandika. Alipojiunga na chama mwaka 1996, wanaume waliokuwapo walimwuliza ni mke wa nani. Miaka mitatu baadaye mwanzilishi wa chama alimkabidhi kijiti cha tumbawe kisichozidi urefu wa kidole. Tumbawe hilo waliliita Bibi, na desturi ilikuwa kwamba halinunuliwi wala haliuzwi: anayepewa huliotesha, na mwenzake akifiwa na la kwake, humkatia tawi. Watu saba walilipokea. Kufikia majira hayo ya kuchipua, sita walikuwa wamekwisha kulipoteza. Bibi alibaki nyumbani kwa Irmtraud peke yake.

Alkali ndiyo akiba iliyomo majini ambayo tumbawe huichota ili lijenge mfupa wake. Hupimwa kwa digrii, na ni ngapi zinazofaa, wanachama waligombana juu ya hilo kila mkutano: huyu nane, yule kumi. Irmtraud alishika saba na nusu, na hakuwa na haja ya kubishana. Tangi lake lilikuwa na samaki wachache na chakula kidogo. Katika maji makonda namna hiyo, alkali ikizidi, mfupa hukua mbio na ngozi hubaki nyuma. Tena, digrii yoyote atakayoichagua mtu, isiruke. Heribert, mwenyekiti, aliyestaafu udereva wa tramu, aliyasikia hayo kwa miaka ishirini, akayaita ushamba wa maabara.

"Ulipima ukapata ngapi?" Irmtraud aliuliza.

"Sita. Sita, Traudel! Hata maji ya bomba yana heshima kuliko hayo. Nikatia magadi siku tano mfululizo mpaka ikafika tisa."

"Nipe chupa yako ya tindikali ya kupimia."

Aliitoa mfukoni. Kifuniko kilikuwa na ufa.

"Unaiweka wapi hii?"

"Jikoni. Juu ya chuma cha kupasha nyumba joto. Kwa nini?"

Irmtraud alichota maji ya tangi, akapima kwa chupa yake mwenyewe, midomo ikihesabu bila sauti. Maji yaligeuka buluu, yakachukua matone ishirini na mawili, kila tone nusu digrii, ndipo yakawa manjano.

"Kumi na moja," alisema. "Umeikausha tindikali yako kama nguo, Heribert! Maji yametoka kama mvuke kwenye ufa, ukali umebaki. Matone machache yanageuza rangi, nawe unasoma pungufu. Saba na nusu yangu umeiita sita. Tisa yako ni kumi na moja!"

"Basi, kosa dogo..."

"Dogo? Nimelilea miaka ishirini na tano! Nilikuachia kazi ya kulisha samaki. Kulisha tu! Hata paka angeweza, kama asingewala."

"Nilitaka kukusaidia."

"Na nani alikuomba?"

Alivuta ndoo mbili na bomba la mpira. Alikusudia kutoa nusu ya maji na kujaza mapya, ili kabla jua halijazama digrii zirudi saba na nusu. Nuray aliukanyaga mpira.

"Ondoa mguu, mtoto."

"Siondoi, Bi Irmtraud. Ukizishusha leo, utakuwa umefanya kilekile alichofanya yeye."

"Usinifundishe!"

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Irmtraud aliuachia mpira. Hasira haikumtoka, ilikosa mahali pa kwenda tu. Aliinama akaukagua mstari wa ngozi inayochunika. Ulikuwa umepanda tangu alipoingia. Hapakuwa na njia ila moja: kumkata Bibi mwenyewe, kuyaokoa matawi yaliyo hai kabla mstari haujayafikia.

"Yataenda wapi?" Nuray aliuliza polepole. "Kwangu ni nane. Wengine wote ni nane, tisa."

Yakibakia humu, yangeendelea kuungua. Yakipelekwa kwenye nane, yangeruka tena digrii tatu kwa mara moja. Irmtraud alimgeukia Heribert, ambaye alikaa ghorofa ya chini.

"Niletee glasi ya maji ya tangi lako."

Alileta. Irmtraud alipima. Kumi na moja pia. Na samaki wa Heribert walikuwa wanene, wakilishwa kama nguruwe wa sikukuu. Maji mazito kwa lishe namna ile yaliweza kuzibeba digrii hizo bila kuunguza.

"Miaka yote unajigamba kwa tisa," alisema, "na hujui unaishi na ngapi."

Alimkata Bibi kwa koleo, na kila mlio wa mfupa kuvunjika ulimkunja uso. Vilipatikana vipande kumi na vinne. Nuray alivibandika kwa gundi juu ya visahani vya udongo. Irmtraud alivibeba mwenyewe kushuka ngazi, akavipanga, kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa nyumba yako."

"Traudel, hili ni tangi langu."

"Nitakuja kila asubuhi saa moja. Nitapima mimi, nitashusha mimi, kidogo kidogo. Wewe utalisha samaki. Ndiyo kazi uliyopewa."

Aliutoa ufunguo.

Katika wiki mbili vipande vinne vilikufa. Kumi vilishika. Ilipofika Mei, alkali ikiwa imefika nane, kimoja kilionyesha zambarau kwenye ncha. Heribert, akiwa na nguo za kulalia, aliinama kando ya Irmtraud na kucheka kwa furaha.

"Unaona? Tumemwokoa, dada yangu."

"Tumemwokoa?" Irmtraud hakumtazama. "Sogea. Unaziba mwanga."