Fimbo ya Pool Iliyokataa Kulala

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu mji mzima wa Maua husema ilikuwa pombe. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nimekunywa soda moja, na ushahidi ni goti langu hili.

Wa kulaumiwa ni wawili na nitawataja: Mutembei, jirani yangu, na Njeru, fundi wa mbao kule Ishiara.

Wakati ule nilikuwa nafunga vitita vya miraa ya kutafuna, na gari za kuibeba zikishaondoka naenda baa kucheza pool. Mkono nilikuwa nao, lakini fimbo za pale zilikuwa zimepinda kama mkia wa nguruwe. Basi likatangazwa shindano, zawadi mbuzi. Gitonga, aliyenishinda mara mbili mbele ya shemeji zangu, alikuwa ameshanunua kamba ya kumfunga huyo mbuzi.

"Wewe chongewa fimbo yako mwenyewe," Mutembei akaniambia. "Enda kwa Njeru, sema nimekutuma."

Njeru akanipima kutoka chini mpaka kidevuni, akaniwekea miti mitatu kwenye benchi. Wa kwanza mzito kama mchi. Wa pili mwepesi, hata upepo ungeuchukua. Wa tatu mweusi, umenyooka, na pale juu umelainika kama umeshikwa na kiganja kimoja miaka hamsini. Ukaniingia mkononi kama ulikuwa unanijua.

"Huu ulikuwa nini?" nikamuuliza.

"Mti ni mti," akasema, akaanza kutafuta msumeno ambao alikuwa ameushika.

Mtu mwenye akili si angeshtuka hapo? Mimi nikasema, chonga huu. Akauchonga, akabandika ngozi kwenye ncha.

Siku ya shindano tulibaki mimi na Gitonga, na mpira mweusi uko mdomoni mwa shimo. Hata mama yangu angeuingiza. Nikainama. Fimbo ikainuka. Nikaishusha, ikainuka tena, ikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina mkutanoni.

"Unacheza ama unamwombea mbuzi?" Gitonga akauliza. Watu wakacheka.

Ndipo nikamwona mzee kwenye benchi la mlangoni, na koti zito, mguu mmoja ameunyoosha. Niamini, benchi lile lilikuwa tupu.

"Wewe ni mwana wa nani?" akaniuliza kwa Kimeru. Nikamtajia baba.

"Baba yako ni mtu mzuri. Hiyo fimbo nilimwachia mjukuu wangu, Mutembei. Imefikaje hapa kulazwa mezani?"

Huyo mzee tulimzika, na jeneza nilibeba mimi. Kwetu fimbo ya mzee huachiwa mjukuu aliyepewa jina lake. Haiuzwi. Mutembei alikuwa amemuuzia Njeru, kisha akanituma mimi nikainunue.

"Nipe," mzee akasema. "Goti linanisumbua, na huko niliko ni milima tu."

Ningempa. Lakini mbuzi alikuwa amefungwa hapo nje na nilikuwa namsikia.

"Mzee, ngoja nimalize huu mmoja."

"Unaongea na nani?" Gitonga akauliza.

Mzee akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Maliza."

Fimbo ikalala. Nikapiga. Mweusi ukaingia, na mweupe ukaufuata shimoni polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mweupe ukizama na mweusi umeshindwa, basi nikashindwa. Kugeuka, mzee ndiye huyo anatoka, anatembea wima, mwepesi kama askari kijana. Nikataka kumfuata nimpe fimbo yake. Goti langu la kulia likakataa kukunjika. Alikuwa ameniachia lake.

Hospitali huko Meru walilipiga goti picha. Daktari akaitazama, akaniuliza kama nimeleta ya babu yangu kwa makosa. Gitonga alikula mbuzi, hata supu hakunionjesha. Na fimbo ndiyo natembelea mpaka leo.

Kwa hivyo wewe unayeenda kuchongewa fimbo yako ya kwanza, usiangalie kunyooka peke yake. Papasa pale juu. Ukikuta pamelainishwa na kiganja, uliza ni cha nani, na ukiambiwa mti ni mti, rudi ucheze na zile zilizopinda.

Nimejaribu kumpa Mutembei urithi wake. Akiniona anakimbia. Ukikutana naye popote, mshike hapo hapo. Mwambie nakuja. Polepole, lakini nakuja.