Umenivumilia, Nimekuvumilia

Kiangazi kile waimbaji wa injili, Sauti Mbili, walikuwa na mikutano kumi na tisa ndani ya wiki saba, na aliyechoka kuliko wote alikuwa mtu ambaye hakuwepo hata kwenye bango. Walimwita Sindano. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba, mwenye kovu la moto lililoshika shavu lote la kushoto mpaka sikioni. Alishona sare za waimbaji, akazipiga pasi kabla hawajapanda jukwaani, akaziloweka wakishuka, maana jasho la huduma linanuka kama jasho lingine lolote.

Waimbaji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa dada yake Sindano, tumbo moja, mwanamke wa sauti nzito iliyotoka kisiginoni. Wa pili alikuwa wifi wa huyo dada, mdogo wake Meneja, na Meneja ndiye mume wa Dada. Ukoo mzima ulijaa kwenye gari moja na spika zake. Huyu wa pili watu wa gari walimbandika jina la Bango, kwa sababu alipendeza sana kwenye karatasi. Kuimba, hapana. Bango akiimba kweli, mbwa wa jirani walidhani wameitwa.

Sasa ile sauti ya pili iliyotoka kwenye spika, ile nyembamba inayopanda taratibu mpaka wamama wanatafuta leso, ilikuwa ya nani? Ya Sindano. Yeye na Dada waliimba pamoja tangu wakiogeshwa kwenye beseni moja, na nyimbo zote nane walirekodi wao. Wiki ya kupiga picha ya jalada, Meneja akaja nyumbani, akakaa, akakohoa kidogo.

"Shemeji," akamwambia, "huduma siku hizi ni macho pia."

"Mungu anaangalia moyo, Shemeji."

"Mungu sawa. Lakini mabango hayabandikwi mbinguni."

Dada alikuwepo. Alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya viazi.

Hivyo ndivyo Bango alivyopata kazi ya kufungua mdomo na kuufunga, pleibeki, sauti iliyokwisha kurekodiwa, ikimfanyia mengine. Sindano akapewa cheo cha Mhudumu wa Mavazi. Alipokubali kusafiri nao, kanisani kwao walisema, tazama unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Alikwenda kama mtu anavyokaa karibu na chungu cha adui yake, apate kujua kitaungua saa ngapi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kifundi. Mkutano wa tatu alibana makwapa ya gauni la Bango kwa nusu inchi kila upande. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na pengine walishawahi kugombana na fundi. Ilipofika kiitikio, pale pa kuinua mikono mbinguni, mikono ya Bango ikakwama mbavuni, akabaki anapigapiga viwiko kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Sindano alitazama toka mlango wa pembeni, akifurahi kimoyomoyo. Furaha haikudumu. Watu walidhani ni mtindo. Mji uliofuata, wasichana wa kwaya waliwapokea wakipiga viwiko.

"Umeona?" Bango akasema garini. "Nimeanzisha kitu."

"Mungu anakutumia, wifi," Dada akajibu.

Sindano alitazama dirishani. Alimwomba Mungu uvumilivu, kisha akabadili ombi.

Kilichomtoa kwenye mizaha ni mama mmoja, mkutano wa nane, mchana, kwenye chumba cha ofisi ya kanisa walipokuwa wanabadilisha nguo. Sindano alikuwa amepiga magoti, pini sita mdomoni, akikunja pindo la gauni la Bango. Yule mama akaingia, akamshika Bango mikono yote miwili.

"Binti yangu, mwaka jana nilimzika mwanangu. Usiku silali. Naweka wimbo wako, ile sauti yako ya juu. Inanishika mkono mpaka kunakucha. Nimekuja kusema asante tu."

Bango akainamisha kichwa upande, kama kwenye picha. "Ni neema, mama. Ni neema tu."

Wakakumbatiana. Sindano, pale chini, hakuweza kusema neno, ana pini mdomoni. Na Dada alikuwa mbele ya kioo, anajipaka poda, anasikia kila kitu. Yule mama alipotoka, alimkanyaga Sindano kidole na kumwomba radhi. Hilo ndilo neno pekee alilomwambia.

Sindano akatema pini kiganjani, moja moja. Toka saa hiyo hakutaka tena Bango aaibike tu. Alitaka sauti yake irudi kwa mwenyewe, mbele za watu, na itoke kwenye midomo ya wale wale waliomnyang'anya.

Akaenda kwa Nyaya, fundi mitambo wa ziara, mtu mzima aliyelala na waya na kuamka na waya. Alimkuta chini ya jukwaa.

"Nyaya, wimbo wa sita, ubeti wa mwisho. Kuna nini pale chini ya ngoma?"

Nyaya akatoa kichwa. "Kumbe unakumbuka."

Nani angesahau. Wimbo unasema *umenivumilia, Bwana*. Lakini siku ya kurekodi Sindano alikuwa ameurudia mara kumi na moja bila chakula, ulimi ukateleza, viambishi viwili vikabadilishana viti, akaimba *nimekuvumilia, Bwana*. Muda wa studio ulikuwa umekwisha. Aliyerekodi akashusha sauti yake pale, akapandisha ngoma, mambo yakaisha.

"Sauti na ngoma ziko mbalimbali kwenye kompyuta yako?"

"Ziko mbalimbali."

"Ukishusha ngoma, ukapandisha sauti?"

"Utakuwa unamwambia Mungu kwamba umemvumilia."

"Mimi? Mimi napiga pasi."

Nyaya alicheka mpaka akajigonga kwenye ubao. "Na nikiulizwa, dada?"

"Sema ukweli. Ulitaka watu wasikie vizuri."

Walichagua mkutano wa kumi na mbili, Jumapili, kanisa kubwa kuliko yote, kwa sababu ya mchungaji wake. Kabla ya kuitwa na Bwana kwenye uchungaji, mchungaji huyo alifundisha sarufi ya Kiswahili miaka ishirini na mbili, na ilisemekana alikataa kumbatiza mtu mpaka arekebishe ushuhuda wake.

Wimbo wa sita ukafika. Ubeti wa mwisho, ngoma ikazama kama jiwe, na kanisa zima likajaa sauti ya Sindano, safi, haina mahali pa kujificha: *Nimekuvumilia, Bwana, siku zote nimekuvumilia.* Ikarudia mara nne. Bango alikuwa amefumba macho, mikono juu, midomo inacheza *umenivumilia* kwa hisia kali. Hakusikia kitu. Anayeigiza wimbo hana sababu ya kuusikiliza. Lakini Dada alisikia. Akanyamaza katikati ya neno, akageuka kutazama mlango wa pembeni.

Safu ya tatu, bibi mmoja akasema polepole, "Hata mimi."

Mchungaji akasimama, akashika kipaza sauti.

"Binti, ngoja kwanza. Katika kitenzi hicho, mtendaji ni nani?"

"Bwana asifiwe," Bango akasema.

"Asifiwe. Nimeuliza mtendaji."

"Ni... mimi?"

"Na mtendwa?"

Bango akamtazama kaka yake. Meneja, safu ya mbele, alikuwa anafanya ishara za mikono ambazo hata yeye hakuzielewa.

"Kwa hiyo wewe umemvumilia Mungu," mchungaji akasema. "Amekukosea nini?"

Mtu akacheka nyuma. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'onezana, na neno *kufuru* likapita mbele kama sahani ya sadaka. Meneja akainuka.

"Mchungaji, ni mitambo tu."

"Mitambo ndiyo imemvumilia Mungu?"

Hapo Bango akawa na milango miwili, na yote ilikuwa imetiwa sabuni. Akubali kuwa aliimba, awe amekufuru. Akane, awe mwongo wa mikutano kumi na miwili. Akalia, machozi ya kweli, poda ikachora mifereji.

"Si mimi niliyeimba. Mimi huwa nafungua mdomo tu."

"Mimi ndiye niliyepandisha sauti," Nyaya akasema kutoka kwenye mitambo, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nilitaka watu wasikie vizuri."

"Sauti hii ni ya nani?" mchungaji akauliza.

Meneja aliangalia viatu vyake. Mchungaji akageukia Dada, akangoja, kama alivyozoea kungoja wanafunzi wazito.

"Ni ya mdogo wangu," Dada akasema. "Yuko pale mlangoni."

Vichwa vyote vikageuka. Sindano alitembea njia ya katikati, uzi umening'inia begani, na hakuharakisha, maana njia ile alikuwa ameipanga tangu mkutano wa nane. Alipita karibu na Meneja hadi mkono wa gauni lake ukamgusa.

"Ni wewe uliyeimba maneno haya?"

"Ni mimi, Mchungaji."

"Ulikosea?"

"Siku ya kurekodi nilikosea," Sindano akasema. "Leo sikukosea."

Mchungaji alimtazama muda mrefu: kovu, uzi, shingo iliyonyooka. "Iimbe sawasawa," akasema, akampa kipaza sauti.

Nyaya alizima kila kitu isipokuwa kipaza sauti hicho. Sindano akaanza, na sauti ikawa ile ile, isipokuwa sasa ilikuwa na uso, na safu za nyuma watu walisimama ili wauone. Mstari wa pili ndipo Dada alipopaswa kuingia. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, sauti ya kisigino ikaanza kupanda.

Sindano akaacha kuimba. Alimtazama dada yake, akangoja, kanisa zima likangoja naye, mpaka Dada akafunga mdomo.

Ndipo akaanza upya, tangu mwanzo, akaimba sauti zote mbili, kwa zamu, peke yake.