Mke wa Kigeni wa Kamwokya

Mimi nikikasirika sipigi kelele, napanga begi. Ijumaa ile, nyumbani Bungoma, mdogo wangu Nekesa alinipigia simu akilia. Ameolewa na Bahati, fundi cherehani Mkongomani aliyekimbilia Kampala, na wana mtoto anayeanza kutambaa. Kanisa lao la Wakongomani pale Kamwokya linajiandaa kwa siku ya kurudi kwao, na wazee wameshika kile kisa cha Waisraeli waliotoka uhamishoni Babeli wakaamriwa kuwaacha wake wa kigeni. Jumapili Bahati angeitwa mbele achague: mke au kanisa.

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu, dada. Hilo ndilo linaloniua."

Loo! Visa hivyohivyo navifundisha wachungaji chuoni mwaka nenda mwaka rudi. Kama havimfai mdogo wangu, navifundisha vya nini?

Malaba, Jumamosi asubuhi. Afisa wa mpakani aliniuliza naenda kufanya nini Kampala. "Kugombana na wazee," nikamwambia. Akacheka, akagonga muhuri. Tukapita mashamba ya miwa, tukavuka Nile pale Jinja. Abiria wenzangu walinunua kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi zao za kuchoma, dirishani. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa napanga maneno.

Kampala, mchana. Dereva wa boda alinihakikishia, "Nyabo, mama yangu, panda, mimi najua Kamwokya yote," kisha akauliza njia kila kona. Nekesa alinipokea kwa sombe na bugali, yaani kisamvu na ugali, mapishi ya kwao Bahati, na macho yamemvimba. Bahati hakula.

"Shemeji," alisema, "hawa ndio ndugu niliobaki nao. Nikifa, ndio watanizika."

Nilitaka kumfokea, nikamsogezea sahani.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Bisimwa, kiongozi wa wazee wa kanisa. Nilitegemea kukutana na mtu katili. Nikakuta mzee mpole, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye ndoo.

"Mwalimu, sisi ni batu ya kukimbia," alisema. "Mashamba yetu iko mu mikono ya bengine. Siku tutarudia, watauliza kila mutu: wewe ni wa nani? Bibi wako ni wa wapi? Tukiwa na bibi wa inje, watatunyima udongo."

Jamani! Ndivyo ilivyokuwa kwa Waisraeli wale: watu wachache, chini ya mfalme wa Uajemi, wamerudi wakakuta ardhi ina wenyewe, na haki ya shamba inategemea ukoo. Nikamwambia hivyo. Akafurahi.

"Basi tumesikilizana."

"Bado, Mzee. Naomba nafasi niseme kesho."

Akatikisa kichwa. Mwanamke hahubiri kwao, na ratiba imejaa.

Usinione kimya, nilikuwa sijashindwa. Nekesa alinikumbusha desturi yao: mgeni lazima atoe salamu za kwao, na salamu hazikatizwi, maana ukimkatiza mgeni umewakatiza wote waliomtuma.

Jumapili, kanisani. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikaitwa. Nikatoa salamu za Bungoma: mvua, mahindi, magoti ya mama yetu. Watu wakaitikia. Kisha, bila kuvuta pumzi, nikaingia Babeli. Mzee Bisimwa alijua mara moja nafanya nini, akaniangalia kwa jicho kali, lakini salamu ni salamu.

"Waliowafukuza wake zao hawakuwa wabaya," nilisema. "Walikuwa na hofu kama yenu, ya ardhi na ya wakubwa. Amri ile ilizaliwa na hofu hiyo. Na Maandiko hayohayo yanatusimulia Mmoabu aliyeolewa Bethlehemu, uzao wake ukatoa mfalme. Waisraeli wenyewe walibishana juu ya jambo hili! Kisa chenu kinaishia kwa majina ya waume, na kusema baadhi ya wale wake walikuwa na watoto. Basi. Walikwenda wapi? Hakisemi. Lakini nyinyi mnajua. Mama akifukuzwa na mtoto mgongoni, anakwenda wapi?"

Mama mmoja wa nyuma akajibu, taratibu, "Analala mu pori."

Mwingine akasema, "Na mvua inamupiga."

Bahati akasimama. Hakuna aliyemwita. Akavuka hadi upande wa wanawake, akamchukua mtoto mapajani mwa Nekesa, akakaa pale kati ya akina mama.

"Bahati," Mzee alisema, "rudia kiti yako."

"Ndiyo hii, Mzee."

Mzee Bisimwa aliwatazama wote watatu. Kisha akaniambia, "Salamu zimefika," akaiagiza kwaya iimbe. Ule mwito wa Bahati kuchagua haukutolewa.

Jumatatu Mzee alinisindikiza hadi kituo cha basi. "Hatujaamua, Mwalimu. Wazee watakaa tena."

"Mkae. Na Nekesa awepo."

Hakukubali, hakukataa. Alinibebea begi.

Njia nzima ya kurudi niliwaza juu ya somo langu. Nimezoea kuwauliza wanafunzi: nani aliandika, chini ya mfalme gani, akiogopa nini? Maswali mazuri, sitayaacha. Lakini muhula huu darasa litaanza na wale wasiotajwa majina, waliotoka mlangoni na watoto wao, na hatutafungua ukurasa wa pili mpaka mtu aniambie walilala wapi.