Mama Mkwe Wangu na Stendi Inayohama

Kwa sisi wa Kambarage, hapa Shinyanga mjini, swali la kwanza la asubuhi siku hizi si habari za kuamka. Ni "leo magari yanapita wapi?" Anayeulizwa hajui, ila atakujibu tu, kwa sababu watu wetu hawapendi kumwacha mtu hivi hivi bila jibu. Ndiyo maana tunachelewa wote.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kiangazi haisi zilipita bondeni, masika zilipita juu, kwa kuwa udongo wa mbuga ukilowa unang'ang'ania tairi mpaka dereva anaomba po. Mvua ya pili ikishanyesha, unajiendea zako juu bila kumuuliza mtu. Kisha wakaja kutujengea lami na mitaro. Nasema wazi kwamba lami tuliiomba wenyewe. Hata mimi nilinyoosha mkono mkutanoni. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba watachimba bondeni na juu kwa wakati mmoja, wala kwamba wataanza mvua zinapoanza. Hebu niambie, nani anachimba mtaro masika? Wanachimba mchana, mvua inafukia usiku, na kesho yake wanarudi kuchimba pale pale wakiwa na nyuso za watu wanaoanza kazi mpya.

Stendi ndogo ya mtaa nayo ikahamishwa. Tangazo la kuhama likabandikwa, tena kwa maandishi makubwa, kwenye stendi mpya. Yaani ukitaka kujua stendi imehamia wapi, uende kwanza ilikohamia ukasome. Nilimuuliza mmoja wa wale wenye vizibao vya rangi ya machungwa kwa nini wasibandike kwenye stendi ya zamani. Akanitazama kwa huruma akasema, "Kule nguzo tumeng'oa, mzee." Nikaondoka, maana ningesema neno baya mbele za watu.

Yote hayo ningeyavumilia. Mimi nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi iliyopo mjini hapa tangu enzi za babu zao, na bosi wangu naye huchelewa, kwa hiyo tunasameheana. Nilichoshindwa kusamehe mpaka leo ni asubuhi moja ya macho ya mama mkwe wangu.

Yeye anakaa kijijini, upande wa Songwa. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. La kushoto halioni kitu, la kulia linaona mwanga na vivuli tu. Madaktari wa macho walikuja kutoka mbali kwa siku tatu, wanapasua bure hospitalini, na jina lake liliangukia siku ya mwisho. Sharti lilikuwa moja: uwe umefika saa mbili asubuhi. Ukichelewa, nafasi anapewa aliyepo kwenye benchi, nawe utasubiri watakaporudi. Lini, hawakusema.

Wiki mbili kabla, mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Ni mtoto wetu wa kwanza, baada ya miaka tisa ya kungoja na kusemwa. Tangu Mama ashuke kwenye gari la kutoka kijijini alikuwa na ombi moja, na alilirudia kila siku kama mtu anayehofia litasahaulika: amwone huyu mtoto usoni kabla hajafa.

Mwenye kidonda kibichi cha upasuaji hapandi bajaji kwenye mashimo yale. Jirani yetu aliyeahidi kumsindikiza Mama akaamka na homa. Nikabaki mimi.

Asiye wa huku atasema hapo hakuna tatizo, mkwe ampeleke mkwewe hospitali, kuna nini? Kuna mengi. Kwa Wasukuma wa rika la mama mkwe wangu, mimi na yeye hatukai kiti kimoja, hatupeani mkono, hatutazamani usoni. Miaka yote tisa amenisalimia akiwa amegeukia ukutani. Nikiwa nimekaa barazani, yeye anazunguka nyuma ya nyumba. Siku hizi mjini watu wengi wameyaacha hayo, na mke wangu huwa anatucheka wote wawili, lakini Mama hajaacha, nami sikuona sababu ya kumlazimisha. Hiyo ndiyo heshima aliyonipa, nami nilimrudishia hiyo hiyo.

Haisi zilipokuwa zinafika mtaani kwetu, haikuwa shida. Yeye angekaa mbele kwa dereva, mimi nyuma kabisa, tungefika. Sasa haisi hazifiki. Zinazopenya kwenye michepuko ni bajaji tu, zinakupeleka mpaka stendi ya muda, na huko ndiko unapanda haisi ya kwenda hospitali. Na bajaji ina kiti kimoja cha abiria, kile cha nyuma.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nilitangulia nimeshika ncha moja ya fimbo ndefu, yeye akafuata ameshika ncha ya pili, tukashuka taratibu mpaka kona ya bajaji. Nikamwambia, uso nimeuelekeza barabarani, "Mama, tumefika kwenye bajaji. Panda."

"Na wewe utakaa wapi?" akauliza.

Nilijua anauliza nini. Ningeweza kumwambia nitabanana na dereva kule mbele, nimempa mgongo, na pengine angekubali. Sikumwambia. Nilitaka aone kwamba mkwe wake anaijua adabu, basi kwa kiherehere changu nikaita bajaji ya pili. Nikamwambia dereva wa bajaji ya Mama, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, "Mshushe bibi stendi, unisubiri hapo hapo. Mimi niko nyuma yako."

Stendi. Mimi mkazi wa Kambarage, ninayeuliza kila asubuhi stendi iko wapi, nilimwambia mtu "stendi" na nikaona nimemaliza. Na simu ya Mama nilikuwa nayo mimi mfukoni, kwa kuwa vitufe asingeviona.

Hatukwenda mbali. Lori la kifusi likarudi kinyumenyume katikati ya njia, likamwaga mzigo wake mbele yetu, na dereva wake akashuka kwenda kujisaidia. Bajaji ya Mama ilikuwa imeshapita. Tulipozungukia upande mwingine na kufika kwenye stendi ya muda, hapakuwa na stendi. Palikuwa na ziwa, na haisi moja katikati yake imezama mpaka kwenye taa. Mama mmoja muuza uji alikuwa anahamisha masufuria yake.

"Wamehamia mnada wa zamani tangu alfajiri," akaniambia. "Hapa maji yamejaa."

"Na tangazo?"

"Litakuwa huko huko, baba."

Dereva wangu akagoma kwenda zaidi, akasema barabara ya mnadani imechimbwa. Nikavua viatu, nikakimbia. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Nilikimbia huku nawatukana wakandarasi, wapimaji, na mimi mwenyewe kwa ile bajaji ya pili. Mwanamke asiyeona, asiyejua mji, yuko mahali fulani peke yake kwa sababu nilitaka kuonekana mkwe mwema.

Mnadani nilimkuta yule dereva wa kofia ya sufu. Sitamsingizia, alisubiri kweli. Aliponiona alikaribia kulia. "Mzee, bajaji haifiki stendi, kuna mtaro. Nimemshusha bibi ng'ambo. Amekataa kuvuka. Wamekuja akina mama wawili wamshike mkono, amewakatalia. Anasema mkwe wake amesema asubiri."

Niliyasema mimi hayo. Nilimwambia dereva, kumbe Mama naye alikuwa anasikiliza.

Mtaro ulikuwa na upana wa mtu mzima kulala. Juu yake waliweka mbao mbili, na mvua ilikuwa imeondoka na moja. Watu walikuwa wanaruka. Ng'ambo, Mama alikuwa amesimama wima na fimbo yake, kanga imelowa, uso ameuelekeza huko huko alikoambiwa nitatokea, ambako siko nilikotokea. Nikaruka, nikaenda kusimama pembeni yake.

"Mama, ni mimi."

"Nimekusikia miguu."

"Hapa kwa fimbo hatuvuki. Na ikifika saa mbili hujafika, hawakupasui."

Watu wanapita, wanaruka, wanatuangalia. Nikasema kitu ambacho sikuwahi kufikiri nitamwambia mama wa mke wangu. "Itabidi nikubebe."

Alivuta kanga akajifunika uso mzima, kana kwamba kulikuwa na kitu angeweza kukiona. Saa ikawa inakimbia mkononi mwangu. Kisha akasema, "Haya."

Nikachuchumaa, akapanda mgongoni. Alikuwa mwepesi, nikaogopa. Ule ubao mmoja nikauonea shaka, nikaamua kushuka mtaroni na kupandia ng'ambo. Katikati, udongo wa mbuga ukanimeza mguu hadi gotini, nikayumba, na Mama akashika alichokipata, ambacho kilikuwa uso wangu. Kiganja chake kilinifunika kuanzia paji la uso mpaka mdomoni, akaking'ang'aniza hapo, na nikatembea sioni, tukawa vipofu wawili kwenye mtaro mmoja. Tulipopanda juu nilikuwa nalia. Si kwa huruma. Ilikuwa hasira tupu, nilitaka kumpiga mtu na sikujua nani.

Haisi ya hospitali ilituchukua, yeye mbele, mimi nyuma. Kabla ya hospitali kondakta akagonga bati akatangaza, "Leo tunaishia hapa, huko mbele wanamwaga zege." Tukashuka, tukamaliza kwa miguu na fimbo yetu.

Tulifika saa mbili na dakika ishirini na tano.

Nesi wa mapokezi alipitisha kidole kwenye orodha. Jina la Mama lilikuwa limeitwa mara mbili, kisha likakatwa. Nafasi alipewa mzee mmoja kutoka Buseresere aliyekuwa amelala kwenye benchi tangu juzi. Nilitaka kumchukia mzee yule nikashindwa, naye alikuwa haoni. Nikabaki na nesi. Nilimwambia habari za lori, za ziwa, za mtaro, sauti ikawa inapanda mpaka watu wakageuka. Aliniacha nimalize. Kisha akanionyesha viatu vyake chini ya meza, vimejaa matope mpaka kwenye kamba.

"Na mimi nimetoka huko huko mnadani kwa miguu, baba," akasema. "Nilianza safari saa kumi na moja."

Nikamwomba hata mwisho wa siku, akasema vifaa vimekuja kwa hesabu ya majina. Mama alinyoosha fimbo yake kwangu ili niishike. "Wabeja," akamwambia nesi, asante, na tukatoka.

Kurudi tulirudi kwa miguu njia nzima. Nyumbani nilimsimulia mke wangu nikiwa nimesimama, kwa fujo, nalaumu kila mwenye koleo katika mkoa huu. Alisikiliza machozi yanamtoka. Mama alikaa mkekani chumbani, akanyoosha mikono, akasema apewe mtoto.

Mke wangu akampakatisha. Mimi nilibaki mlangoni, matope yamenikauka miguuni. Mama alipitisha vidole vyake juu ya uso wa mtoto, akaanza na paji la uso, akashuka kwenye nyusi, kope, akafika puani, akasimama hapo.

"Pua ya baba yake," akasema.

Mke wangu akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama jamani, pua ya mume wangu wewe umeiona lini?"

Mama akavuta kanga akajifunika uso, na mimi mlangoni nikajishika pua, pale kiganja chake kilipokuwa kimening'ang'ania mtaroni.