Duara la Wachagua Kahawa

Niliwasikia kabla sijawaona: punje za kahawa zikidondoka katika mabeseni, bila kukoma, kama mvua nyembamba juu ya mabati. Nilipoingia nikawakuta wanawake wameketi kwa duara, vichwa vimeinama. Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza pale. Chuo nilichofundisha kilikuwa kimenituma katika kiwanda hicho cha Butembo niandae masomo ya master, shahada ya pili, katika lean. Ninyi vijana neno hilo mmelizoea. Wakati ule nililieleza kila mahali: ni kuongoza kazi kwa kuondoa kila kinachokula muda na nguvu bila kumfaa mnunuzi.

Doyen, mkuu wa kitivo, alikuwa amenionya kuhusu waajiri. “Bapatron banalalamika. Banasema banafunzi betu banajua kusema tu. Kama hapana usine itakayobapokea kwa stage, tunafunga programu.” Kiwanda kile ndicho pekee kilichokubali kuwapokea wanafunzi kwa mazoezi ya kazi.

Nilitunga mtaala kutoka vitabuni, mifano yote ya viwanda vya magari, nikawapeleka wanafunzi na saa zao za kupimia. Wakaona kwamba punje yenye shaka hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa Mama Kahindo, mwanamke wa makamo kutoka Kipese, ambaye huikwaruza kwa ukucha na kuinusa. Vitabu viliita hilo mwendo wa bure. Wakavunja duara, wakawapanga wanawake kwa mistari, kila mmoja na beseni lake. Kazi ikaenda mbio. Juu ya ripoti yao niliandika: bora sana.

Kisha mzigo ukarudishwa kutoka Beni. Mwonjaji wa mnunuzi alikuta punje zilizochacha, na moja tu yatosha kuharibu kikombe.

“Prof, batoto bako beko na akili mingi,” Mama Directrice, mkurugenzi wa kiwanda, aliniambia, “lakini hapana na pua. Usinileteye tena mutu.”

Niliomba siku moja nikae mwenyewe katika duara, lililokuwa limerudishwa. Mama Kahindo akanisogezea kigoda. “Ikala, Prof. Hapa hapana mikro ya kusemea.” Wenzake wakacheka hadi mabeseni yakatikisika.

Asubuhi nzima nilimpelekea punje nzuri nikidhani ni mbaya. Ndipo akachukua moja niliyokuwa nimeikubali, nzuri kama shanga, akaikwaruza, akaniwekea puani. Harufu ya kitunguu kilichooza! Kila jicho katika duara lile lilikuwa likilifundisha jicho la jirani, na hakuna kitabu nilichosoma kilichokuwa na mashine kama hiyo.

Nikaandika mtaala upya. Muhula wa kwanza, mwanafunzi afanye kwa mikono yake kazi anayotaka kuirekebisha. Mwishoni, mtu wa kiwandani akae kwenye jury, jopo la kuwapima.

“Mutu hapana na diplôme atapima banafunzi ba master?” Doyen alifoka. “Unataka batucheke mpaka Beni?”

“Doyen, Beni bameshatucheka.”

Akanitazama, akatia sahihi. Mama Directrice naye akakubali kumpokea mwanafunzi mmoja. Kama Mama Kahindo hataridhika naye, basi, hakuna mwingine.

Mwanafunzi huyo alikuwa Masika, binti wa wakulima wa Masereka. Aliliacha duara kama lilivyo, akashauri tu vijana wawili waketi kando ya Mama Kahindo wajifunze kunusa. Siku ya jury, Mama Kahindo alimwaga punje tatu mezani.

“Ya mubaya ni gani?”

Masika akakwaruza, akanusa, akarudia.

“Hapana, Mama. Zote ni muzuri.”

Mama Kahindo akazikusanya. “Huyu bamupatie kazi. Na bengine bakuye kwetu.”

Sasa nimestaafu. Nimeketi kwenye jury nyingi, Butembo na Beni, pamoja na watu wenye vyeo virefu, na sijaona tena nilichokiona alasiri ile. Mama Kahindo alijifunga kitenge chake, akasema kahawa inamngoja. Doyen ndiye aliyesimama wa kwanza. Sote tukasimama, na hakuna aliyeketi hadi mlango ulipofungwa nyuma yake.